Klarineti Ndefu Chini ya Koti

Bweri, Musoma
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua barua inatakiwa ianze na kujuliana hali, lakini mimi nikinyamaza na jambo zuri tumbo linanivimba, kwa hiyo acha nijisifu kwanza, hali tutajuliana baadaye. Mama, Musoma nzima hii, kuanzia Mwigobero kwenye samaki mpaka huku Bweri kwenye nyumba zisizoisha kujengwa, hakuna mtu mwenye bahati kama mwanao. Kati ya watu wote waliojipanga na ala zao pale Iringo, Mwalimu Mwikwabe, kondakta wetu (siyo wa basi, mama, huyu hadai nauli, anashika kijiti tu), alinyoosha kile kijiti akanichagua mimi. Sikuomba. Sikumbembeleza mtu. Bahati ilinifuata yenyewe kama kuku anavyomfuata mwenye mahindi, nikawekewa mbele yangu klarineti mbili, wakati wenzangu wote wana ala moja moja na wengine wanaishia kupiga makofi.

Haya, sasa hali. U mzima, mama? Mgongo unaendeleaje? Na jicho la kulia bado linaona ukungu, au na la kushoto limeanza kuiga? Mimi mzima kabisa, nakula, nanenepa, na kinyozi hakosi kazi maana nywele za watu hazina likizo. Kaka Isaya nampa pole ya nyavu, nimesikia zilivyochanwa. Na wewe shemeji Jenipher, unayemsomea mama barua hii, nakusalimu kwa heshima zote, ila nakuomba usome kila neno kama lilivyo, usirukeruke wala usiongeze chumvi yako, nakujuaga wewe. Ukifika mahali nimekuambia simama, simama kweli, mama apumue.

Mama, utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Unanijua. Kwenye simu mdomo wangu hauna breki. Nikisikia tu unavyokohoa kabla ya kuitika, naanza kukuchekesha, na nikishaanza kukuchekesha neno moja linavuta lenzake mpaka nafika Kampala, wakati nilikuwa nataka kuuliza kama umepata dawa ya mgongo. Kalamu ni nzito, inanilazimisha nikae. Hapa nimekaa nje ya chumba changu, mvua ya asubuhi imekatika sasa hivi, bati la jirani linadondosha tone moja moja, na kule chini ziwa limekuwa jeupe lote, sijui maji yameishia wapi na wingu limeanzia wapi. Kuna mtumbwi mmoja umesimama katikati ya huo weupe kama umening'inizwa. Asubuhi kama hii mtu unaota ukiwa macho.

Jambo kubwa ni safari yako. Shemeji ameniambia umekubali, na umeshawatangazia akina mama wa jumuiya kwamba mtapanda boti Ijumaa, Jumamosi jioni mkae viti vya mbele mnisikilize, halafu Jumatatu mimi nikupeleke kwenye kambi ya madaktari wa macho wakutoe huyo mtoto wa jicho. Nilipopata habari hiyo nilimnyoa mteja upande mmoja nikasahau wa pili, akaenda hivyo hivyo mpaka stendi. Mama, miaka yote hii umekataa. Ulisemaga hakuna binadamu atakayekuchokonoa jicho ukiwa hai. Sasa umekubali kwa sharti moja, kwamba kwanza uisikie pumzi ya Gody ikitoka kwenye lile bomba jeusi, uitambue kwa masikio yako mwenyewe, ndipo utamwamini Gody pamoja na hao madaktari wake. Sharti hilo limenikaa kifuani kama mfupa wa sato. Ndilo limenishikisha kalamu.

Lakini acha nikueleze kwanza okestra yenyewe, maana huko mnafikiri ni bendi ya harusi. Siyo. Imekusanya watu kutoka makwaya na bendi za makanisa ya mkoa huu, Wakatoliki, Waanglikana, Wasabato, kila mtu na ala yake, vayolini kibao, tarumbeta, na ngoma moja kubwa ambayo ikipigwa vioo vya kibanda changu vinatetemeka na mteja anashika shingo. Chacha wa Tarime anapuliza tuba, lile bomba linalomzunguka mtu kama chatu. Mazoezi ni kwenye ukumbi wa parokia pale Iringo, ukuta kwa ukuta na kinyozi wako, ndiyo sababu niliwasikia tangu siku ya kwanza. Hakuna maneno, mama. Hakuna anayeimba. Mwalimu Mwikwabe ametunga muziki mrefu wa ziwa, unaanza alfajiri unakwenda mpaka taa za wavuvi wa dagaa zinapowashwa, na watu wanaupiga mpaka unasahau kama umekaa kwenye benchi la mbao au umekaa juu ya maji.

Sasa klarineti. Macho yako hayajaiona vizuri, basi nikuchoree. Ni bomba jeusi la mti, lina matundu na vifuniko vya kung'aa, na juu kabisa kuna kipande cha kuweka mdomoni chenye kiulimi cha mwanzi. Kiulimi kile ndicho kinacholia. Sisi tunazo za aina mbili, Fupi na Ndefu, majina nimezipa mimi. Sauti ya Fupi ina jua ndani yake, ni ya asubuhi, ya wanawake wanaochekeana wakienda kuchota maji. Ndefu imeizidi kidogo tu, kama urefu wa kidole, lakini sauti yake imeshaingia jioni, nzito na laini kama uji wa ulezi. Na katikati ya muziki wa Mwalimu kuna mahali asubuhi inageuka jioni. Hapo mpigaji anatakiwa aiweke Fupi, achomoe kile kipande cha mdomoni, maana kizuri tunacho kimoja tu, akichomeke kwenye Ndefu, aendelee kabla watu hawajamaliza kushusha pumzi. Ni kama kubadilisha tairi la pikipiki ikiwa inakwenda. Nimetembea mimi, Mwanza nimefika, Kisumu nimefika, Kampala nimelala, sijaona kazi yenye maringo kama hiyo.

Siyo kila mtu anaiweza. Siku ya majaribio alikuja jamaa mmoja, simtaji jina. Alikuwa amejifunza kwenye bendi ya kanisa kwa kusikiliza tu, noti hasomi. Noti kwake ni dagaa walioanikwa kwenye waya. Akapewa Fupi, akapiga wimbo wa kanisani vizuri kabisa, watu wakatikisa vichwa, na jamaa akavimba, akauliza kama kiti chake kitakuwa chenye mto. Mwalimu akamwambia haya, shika Ndefu, endelea na wenzako. Jamaa akaweka vidole vile vile kwenye matundu yale yale aliyoyazoea. Mama, Ndefu siyo Fupi. Matundu yale yale kwake yanatoa sauti nyingine, ya chini kidogo, na anayesoma noti ameshaandikiwa hilo kwenye karatasi. Jamaa hana habari. Okestra ikapita barabarani, yeye akapita shambani. Na badala ya kunyamaza akasimama, akainua mkono, akawasimamisha wote, akamweleza Mwalimu kwa upole kwamba watu wote hawa wamekosea lakini wasijali, yeye atawasubiri. Chacha alicheka mpaka tuba ikamlalia. Walipotulia, jamaa akasema basi hiyo Ndefu itakuwa mbovu, irudishwe ilikotoka. Wakacheka upya. Nilimhurumia yule jamaa. Nilikuwepo, niliona alivyokuwa anaifuta ile klarineti na shati lake kabla ya kuirudisha, anaifuta, anaifuta, kama hataki ifike mkononi kwa mtu mwingine.

Kwenye viti vya klarineti tupo mimi na Debora. Debora ni mwalimu wa sekondari kule Bunda, mwembamba, mpole, ana vidole virefu kama vya mtu anayesuka mikeka. Anakuja mazoezini kila Jumamosi na kijisanduku chake na chupa ya chai ambayo hamgawii mtu, hata mimi.

Onyesho letu la kwanza lilikuwa huko kwao Bunda, mwezi wa saba, kwenye ukumbi ambao madirisha yake bado ni matundu. Upepo ulikuwa unashuka kutoka milimani unapita katikati yetu kama umekata tiketi. Ndefu ilisimama kwenye kistendi chake ikisubiri zamu. Klarineti ni kama mimi nikioga ziwani alfajiri, ikipigwa baridi inanywea na sauti yake inashuka. Hatukulijua hilo. Asubuhi ya muziki ikapita vizuri, jioni ikafika, Fupi ikawekwa chini, Ndefu ikachukuliwa, na ikatoka sauti ya ndama aliyepotelewa na mama yake. Vayolini ziko juu mlimani, sisi tuko bondeni. Wanafunzi wa Debora walikuwa wamekaa mbele, wale wale anaowaambia kila siku wajitahidi, na mmoja akauiga ule mlio, wakafuata wote, mmoo, mmoo. Debora alimaliza muziki. Baadaye nilimkuta nyuma ya ukumbi amekaa kwenye tofali, akasema harudi tena, tutafute mwingine. Yule mwanamke analia bila sauti, mama, machozi tu yanashuka na uso umetulia. Nilimwambia asiondoke, hilo jambo la baridi aniachie mimi.

Unajua mimi sikosi wazo. Nikasema dawa ya baridi ni moto. Kwenye mazoezi yaliyofuata, wakati asubuhi inapigwa, nikapita mlango wa nyuma mpaka kwa Mama Ghati anayetuuzia chai na maandazi, nikaiegesha Ndefu karibu na jiko lake la mkaa kama sangara wa kubanika. Mama Ghati aliniuliza kama nina akili, nikamwambia hizi ni sayansi za okestra. Ilipata moto kweli. Zamu ilipofika ikatoa sauti iliyopita juu ya paa, vayolini zikabaki chini zinashangaa, na ukumbi mzima ukanukia moshi. Halafu mti ukasema tik. Ufa mwembamba kama unywele, karibu na tundu la juu. Mama, watu waliweka ala zao chini. Ndefu ni hiyo moja, hatuna nyingine. Mwalimu Mwikwabe hakunifokea, na ningefurahi kama angenifokea. Aliishika kama mtu anayemshika ndege aliyegonga dirisha, akaniomba nimpishe apite.

Kaka Isaya, ule uzi mwembamba wa nyavu niliokuomba, ukafikiri najifunza kuvua, kazi yake ilikuwa hiyo. Niliuzungushia pale penye ufa, mzunguko kwa mzunguko, nikapaka nta ya nyuki juu yake, kwa mkono huu huu unaochonga ndevu za watu. Ufa ukafunga.

Hapa, shemeji, simama. Mpe mama maji. Na kama akina mama wa jumuiya wamekaa hapo, waambie Gody anawasalimu sana na waende wakaangalie dagaa wao juani, ndege wanawamaliza.

Mama, ile sauti niliyomtumia shemeji kwenye simu, ile ya Butiama, ambayo uliisikiliza ukasema hii ndiyo pumzi ya mwanangu, siyo mimi niliyepiga. Ni Debora. Anayepiga Fupi ni Debora na anayepiga Ndefu ni Debora. Ile picha niliyowatumia nimevaa koti jeusi, klarineti mdomoni, mashavu yamejaa, ni mimi kweli, na ninapuliza kweli. Ila klarineti niliyoshika haina kile kipande cha mdomoni. Kipande kiko kwa Debora, kwenye ile nyingine. Bila hicho unaweza kupuliza mpaka macho yatoke, haitatoa hata sauti ya mbu. Kazi yangu kwenye okestra ni kuipasha joto ile inayosubiri.

Ilianza hivi. Siku niliyokuwa nairudisha Ndefu baada ya kuishona, mvua ilinikuta njiani na bodaboda, nikaitia kwapani ndani ya koti isilowane. Nimefika Iringo nimelowa kama samaki furu, Debora akaichukua, akaijaribu pale pale mlangoni, na ikalingana na vayolini kana kwamba haijawahi kuugua. Tukatazamana. Akaigusisha shavuni. Akasema ina joto la mtu. Joto la jiko ni kubwa mno, la upepo ni dogo mno, lakini joto la mtu ndilo kipimo chake. Tangu hapo nakaa kwenye kiti cha pembeni yake, na koti limefungwa vifungo vyote, hata kama ni jua la kuchoma mihogo.

Nataka nikueleze Butiama, mara hii kama ilivyokuwa. Tulipiga nje, kwenye uwanja wa kanisa, jioni, mvua imetoka kupita na yale mawe makubwa yamelala kila upande kama ng'ombe walioshiba. Watu walikuja na viti vyao, wengine na ng'ombe wao wakiwa wametoka malishoni, wakasimama nyuma kabisa wakisikiliza, wachungaji na mifugo pamoja. Mwalimu akainua kijiti. Asubuhi ikaanza. Mimi nikaitoa Ndefu chini ya koti kidogo tu, nikaweka midomo pale juu, nikaanza kuipa pumzi. Taratibu. Nilikumbuka jikoni kwako. Ulinifundisha kuamsha moto nikiwa mdogo, ukaniambia nisiupulize kwa hasira, majivu yataruka yaniingie machoni, nipulize kama namlaza mtoto. Nilipuliza hivyo. Hewa inaingia mle ndani ya mti, inashuka gizani, inapita kwenye ule ufa niliouziba, inapita matundu yote, inatokea chini kwenye magoti yangu ikiwa bado na joto.

Halafu sijui niseme nini, mama. Nilikuwa nipo na sipo. Muziki ulikuwa unapita kushoto na kulia, na mimi katikati nikiwa nimeshika kitu kisicholia. Niliona taa za dagaa zimewaka juu ya yale mawe ya Butiama, mji mzima wa taa unapanda na kushuka. Nikakuona umeinama ufukweni unapindua dagaa kwa viganja, fedha tupu mchangani, na macho yako yanaona mpaka ng'ambo. Ulinitazama moja kwa moja ukanitambua. Wala sikuwa na hamu ya kukuambia lolote, mimi huyu, fikiria. Halafu Debora akanigusa goti, ndiyo ishara yetu. Nikampa Ndefu, akachomeka kipande, nikapokea Fupi bila kuangalia, nikaitia kwapani upande wa pili maana tunairudia mwishoni. Na jioni ikatoka. Ilitoka ya joto, imekaa pale pale inapotakiwa kukaa, hata ng'ombe mmoja hakulia. Mzee mmoja mbele yangu alivua kofia. Debora akawa anatabasamu huku anapiga, kitu ambacho siyo rahisi, mdomo umeshikwa.

Ulisema ni pumzi ya mwanao. Nimelifikiria sana hilo. Kabla pumzi ya Debora haijaingia mle, yangu ilikuwa imetangulia, imekaa, imepaandaa. Sijui kama masikio ya mama yanaweza kusikia kitu kama hicho kwenye simu ya shemeji yenye spika iliyopasuka. Lakini sitaki nijifiche hapo. Nilikuacha uamini mimi ndiye mpigaji, kwa sababu niliona ukifurahi unasogea karibu na hospitali. Kila nikiongeza chumvi, unasogea hatua nyingine. Nikaona bora mama aone, mimi nitajua pa kuweka uso wangu.

Sasa hesabu imenigomea. Utakaa kiti cha mbele, utatega masikio kumtafuta Gody, na masikio yako hayajawahi kukosea mtu, hata kwa hatua za miguu unatutambua. Utajua. Na Jumatatu nitakuambia nini? Nikisema usiogope, utaniamini kwa lipi? Kwa hiyo nafuta yote niliyosema kwenye simu, na ya macho pia. Nilikuambia haiumi hata kidogo. Nimemuuliza nesi vizuri. Amesema sindano ya ganzi utaisikia, inachoma kidogo halafu inapotea, na utakuwa macho muda wote, hutaona kisu, utaona mwanga mwanga kama jua ukiwa umepiga mbizi. Nilikuambia nitaingia na wewe. Siruhusiwi. Mwisho wangu ni mlangoni. Ndani atakushika mkono nesi, anaitwa Dorah, na nimeshamwomba asugue viganja vyake kwanza vipate joto kabla hajakugusa. Alinicheka, lakini amekubali.

Na Jumamosi nakuomba uje hivyo hivyo, na boti lako la akina mama. Nitakuambia pa kunisikiliza. Usihangaike na mwanzo, wala pale watu watakapopiga makofi. Subiri asubuhi iishe. Klarineti itanyamaza, vayolini zitabaki peke yao chini chini, kama maji yanavyogusa mawe usiku hakuna upepo. Huo ukimya wa klarineti ni mimi. Hapo mikono yangu na ya Debora inapishana. Kisha itarudi, ya jioni. Ikirudi imelegea, ya baridi, kama yule ndama wa Bunda, panda boti lako Jumapili urudi nyumbani, nami sitakusumbua tena na habari za macho. Ikirudi ya joto, Jumatatu asubuhi nipe mkono twende.

Salamu zangu zifike kwa wote wa hapo, watoto wa kaka, akina mama wa jumuiya (shemeji, sasa unaweza kuwaita warudi), na mzee wa kanisa aliyenifundisha nyimbo kwa fimbo. Debora anakusalimu, amesema atakutengea chai yake, na hilo ni jambo kubwa kuliko unavyodhani. Barua anakuja nayo Apolinary wa mtumbwi wa dagaa, mpeni hata kikombe cha uji, ni mtu mwema ingawa anakoroma. Koti nimelifua. Ubarikiwe, mama, ulale salama, na shikamoo tena.

Ni mimi mwanao,
Gody Mugeta
Kinyozi, na mtu wa okestra

Shemeji, usikunje bado, kuna mstari mmoja. Mama, bahati niliyokuandikia pale juu kabisa ni uongo. Sikuchaguliwa. Yule jamaa wa majaribio ni mimi, na walipomaliza kucheka niliomba nibaki hata kwa kupanga viti.